Afra Hasemi Shuleni

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula umefunguliwa leo na mimi tayari nataka ufungwe. Bi Maram amejifungua wakati wa likizo, na hakuna aliyeletwa kushika darasa lake. Mwalimu mkuu, Bwana Bramwel, kaniambia niunganishe watoto wake na wangu "kwa muda". Naijua hiyo kwa muda. Nimefundisha chekechea kwetu Kisii mpaka mume wangu, ambaye ni polisi, akahamishiwa hapa Amu, kisiwani Lamu, na kila balaa lililowahi kunikuta kazini lilianza kwa muda. Watoto sitini na kitu, chumba kimoja, mimi peke yangu. Saa nne mvua ikashuka juu ya bati, nikafundisha kwa mikono kama bubu.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Watatu wamejikojolea. Nimefika nyumbani nikalala na viatu.

Ijumaa, 2 Mei

Kati ya watoto wa Maram kuna mmoja anaitwa Afra, miaka mitano, macho makubwa, mtandio safi kila siku. Hasemi. Simaanishi anasema kidogo. Hasemi kabisa. Nikiita jina lake ananitazama mpaka mimi ndiye naona haya. Akitaka kwenda choo anaenda kusimama mlangoni. Wenzake hata hawashangai: "Mwalimu, huyo hasemi," kama wanavyoniambia chaki imekwisha.

Nimempa kalamu achore chochote. Hakuichukua. Nikamwacha, kwa sababu upande wa pili Rayyan alikuwa anamlisha mwenzake gundi.

Jumatano, 7 Mei

Anayemleta Afra ni bibi yake, Bi Mwanamkisi, mzee wa magoti mabovu anayetembea kwa kushika kuta za vichochoro. Leo nimemwambia nataka kumwona mama wa mtoto.

"Mamake hatoki," akasema.

"Ni mgonjwa?"

"La, hajambo, alhamdulillahi. Hatoki tu."

Akaniaga kwa adabu zote akaondoka. Hatoki tu! Akina mama wa kwetu Kisii wanatembea na mtoto mgongoni kutoka shambani, matope hadi magotini, wakiitwa na mwalimu. Huyu yuko nyuma ya soko, ana mlango wa nakshi, na hatoki tu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimetuma ujumbe mara ya pili. Jibu ni lile lile, pamoja na sahani ya visheti. Nimevila, lakini kwa hasira.

Ijumaa, 16 Mei

Niandike hii vizuri maana sijui kama nimefanya sawa.

Asubuhi maji yaliingia darasani. Tukahamisha watoto wote upande mmoja, wakawa wanakanyagana. Nilikuwa nafundisha silabi huku nimeshika ndoo. Nikamwita Afra aje mbele asome "ba" moja tu. Akaja. Akasimama. Darasa zima likangoja, na mimi nikangoja, na maji yakangoja. Kimya. Nikasikia kitu kimekatika ndani yangu. Nikamwambia aende akae huko nyuma kabisa, kwenye benchi la dirishani, na akae huko siku zote kama hataki kunisaidia.

Akaenda. Hakulia. Afadhali angelia.

Jioni Bramwel akapita akikusanya majina ya watoto wa kupelekwa kwa afisa wa tathmini. Kila muhula afisa huja kuwapima watoto wasiosikia, wasioona vizuri, wasiosema. Akithibitisha, mtoto hupelekwa shule maalumu huko bara, ya bweni, maana hapa kisiwani hatuna. Akaniuliza, "Kemunto, una mtu?" Nikamtajia Afra. Sikufikiri hata dakika moja. Nilikuwa nakamua sketi yangu maji.

Jumanne, 20 Mei

Mafua. Nimefundisha nikiwa na karatasi ya choo mfukoni.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya kanisa nilienda kumwona Bi Maram na mtoto wake. Amenenepa, amependeza, ananukia udi, nikamwonea wivu. Nikamlalamikia watoto wake mmoja mmoja. Nilipofika kwa Afra nikasema, "Na yule mamake, mwanamke gani yule? Nimemwita mara mbili anajifanya malkia. Hatoki!"

Maram akaacha kumpapasa mtoto mgongo.

"Mwalimu Kemunto. Yule yuko eda."

"Eda ndiyo nini?"

Akanitazama kuona kama namfanyia mzaha. Kisha akanieleza polepole, vile ninavyowaeleza watoto wangu. Mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, haonani na mwanamume asiye wa damu yake. Baba wa Afra, fundi seremala, alikufa mwishoni mwa mwezi wa tatu kwa maradhi ya figo. Mama, anaitwa Umulkheir, hatatoka mpaka Agosti.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilidhani wajua. Mji mzima wajua."

Mji mzima wajua. Mimi siyo mji basi. Nimeishi hapa tangu Januari, nanunua samaki, nasalimiana na kila mtu, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia mtoto wa darasani kwangu amefiwa na baba. Na mimi sikuuliza. Nilimuuliza bibi kama mama ni mgonjwa, nikaishia hapo.

"Kabla ya hapo alikuwa akisema?"

Maram akacheka kidogo. "Afra? Nilikuwa nikimwomba anyamaze apumzike."

Jumatatu, 26 Mei

Nimemfuata Bramwel ofisini kabla ya kengele. Nimemwomba aliondoe jina la Afra.

"Limeshaenda, madam. Limefika ofisi ya juu. Sasa ni afisa mwenyewe aamue."

"Lakini si mgonjwa. Amefiwa."

"Wewe ndiye uliyesema hasemi. Anasema?"

"Shuleni hasemi."

"Basi." Akarudi kwenye kalamu yake. Nilitaka kumrushia kile kidude chake cha kutobolea karatasi. Halafu nikaona ameweka kichwa mkononi, akafumba macho pale pale mezani. Naye shule nzima iko mgongoni mwake na paa linavuja juu ya mafaili. Nikatoka bila kubamiza mlango.

Jumatano, 28 Mei

Leo nimeenda kwa mama Afra. Nilivaa leso juu ya nguo yangu, Maram alinishauri.

Umulkheir ni msichana tu. Nilikuwa nimejitengenezea kichwani bibi mkubwa wa dhahabu na kiburi. Nimekuta mtu wa miaka ishirini na kitu, nguo nyeupe kuukuu, macho yamevimba, amekaa juu ya mkeka anachambua mchele. Akasimama kunipokea kama mimi ndiye mwenye nyumba.

"Mwalimu, nisamehe. Si kwamba sikutaka kuya. Siwezi."

"Mimi ndiye wa kuomba msamaha," nikasema. Nikamweleza yote: jina, afisa, shule ya bara. Nilitamani anitukane. Aliuweka ule ungo wa mchele chini tu.

"Mtanitolea mwanangu humu, na mimi siwezi hata kumfuata hadi forodhani?"

Nikamwambia wameandikiwa kwamba mtoto hasemi.

"Lakini nyumbani hanyamazi," akasema. "Wallahi mwalimu, nyumbani ni kelele tangu akirudi."

Nikaitikia kwa kichwa. Kila mama huniambia hivyo. Mtoto asiyejua kuhesabu, nyumbani anahesabu. Mtoto anayeuma wenzake, nyumbani ni malaika. Afra mwenyewe alipoona ni mimi alijificha nyuma ya mamake, akafumbata kanga yake, hatukusikia hata pumzi.

Kabla sijaondoka Umulkheir aliniuliza amfundishe nini. Akasema yeye alisoma chuoni, kwa maalimu wa Kurani, ya shule aliyaacha mapema. Nikamwambia asijisumbue na madaftari. Ahesabu naye vitumbua wakiviepua. Apange naye vifuniko, vikubwa huku vidogo kule. Amwambie hadithi, na amwache mtoto aimalizie. "Hayo tu?" akauliza. "Hayo tu," nikasema, "mwenzako ninayafanya na watoto sitini na siyawezi."

Alhamisi, 5 Juni

Nimepitia tena kwa Umulkheir. Anasema sasa vitumbua haviliwi mpaka vihesabiwe, na vinapoa. Tumecheka. Nilipoingia Afra alikimbilia ndani.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Hakuna shule. Nimelala hadi saa tano, ahsante Mungu na ahsante Waislamu.

Jumatano, 11 Juni

Upepo mkali, mvua ya mshazari. Nusu ya watoto hawakuja. Afra kaja, kalowa, kakaa dirishani kule nilikomweka. Nilitaka kumwambia arudi mbele, halafu Rayyan akaanguka akapasuka mdomo, siku ikaisha.

Jumanne, 17 Juni

Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Leo nimemwita mtoto mmoja kwa jina la mtoto niliyemfundisha Kisii ambaye sasa yuko sekondari.

Jumanne, 24 Juni

Nimejaribu kukaa na Afra wakati wa uji. Nimemwonyesha picha za wanyama. Anajua, naona kwenye macho anajua. Nikimwonyesha punda anatazama punda, nikitaja ng'ombe anatazama ng'ombe. Mdomo umefungwa. Nikasema, "Afra, mamii, nitajie mmoja tu, kwa ajili ya mama." Kosa. Akageuka ukutani na hakumgeuzia mtu yeyote uso wake mpaka bibi yake alipokuja.

Jumanne, 8 Julai

Tarehe imetoka. Afisa anakuja tarehe kumi na saba, na mzazi lazima awepo. Nikamwambia Bramwel mzazi hawezi kuja shuleni. Akasema basi afisa ataenda nyumbani. Nikamwambia afisa ni mwanamume, hawezi kuingia. Akavua miwani.

"Madam, unataka nifanye nini? Nimuoze?"

Nimecheka. Naye akacheka. Mara ya kwanza mwaka huu tumecheka pamoja. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Jaribu kutafuta njia. Mimi pia sipendi kumpeleka mtoto mdogo hivyo bweni." Sikujua kama hapendi. Nilidhani ni mimi tu nisiyelala.

Jumatano, 16 Julai

Kesho ndiyo kesho. Nimeenda kwa Umulkheir baada ya shule, mikono mitupu, akili tupu. Nikamwambia afisa akimpima mtoto shuleni atapima ukimya tu.

Akaniketisha mkekani. Kisha akasema, "Kila siku akirudi, akila, hucheza shule hapa ndani, karibu na mlango. Mimi ndiye mwanafunzi, na mito. Akiona mtu hunyamaza. Lakini dakani, kwenye viti vya mawe vya nje, hakuoni. Mkae wewe na afisa pale nje, kama wapita ndia waliopumzika. Msibishe hodi. Nitauwata mlango wazi kidogo."

Jamani! Wazo zuri hivyo limekaa humu ndani siku zote, na mimi nahangaika na picha za ng'ombe.

Nilipokuwa navaa viatu akanishika mkono. "Mwalimu, utasikia mengi. Usikasirike."

"Nikasirikie nini?"

Akaniachia mkono akarudi ndani.

Alhamisi, 17 Julai

Afisa anaitwa Bwana Philip. Mtu mzima, mpole, suruali imelowa maji ya chumvi hadi magotini kwa mawimbi ya kuvuka kutoka Mokowe, huko bara. Nilitegemea atakataa. Nikamweleza eda, nikamweleza daka, akasema, "Mwalimu, nimewapima watoto chini ya meza na juu ya miti. Twende."

Tukakaa dakani, kwenye vile viti vya mawe vya pande mbili za mlango, yeye huku mimi kule. Punda akaja akasimama mbele yetu akakataa kuondoka. Mzee mmoja akapita akatupa salamu ndefu, tukaitikia kwa kunong'ona, akatuangalia kama wezi. Mlango ulikuwa umeachwa upenyo wa kiganja. Ndani tukasikia vyombo, maji, nyayo.

Kisha sauti.

"Wanafunzi, simameni! Kaeni. Simameni! Mbona huyu hasimami? Mwalimu anaongea na ukuta?"

Bwana Philip akainua kichwa. Nami nikainua changu, kwa sababu sauti ilikuwa ya mtoto lakini maneno nayajua. Hata lafudhi naijua. Ni ya Kisii.

Akahesabu hadi thelathini bila kuteleza. Akasema a, e, i, o, u. Akasema ba, be, bi, bo, bu. Akaandika kitu kwa chaki sakafuni, tulisikia chaki ikikwaruza, akasoma, "Ba, ba. Baba," na akaendelea na linalofuata. Akamuuliza mamake hili ni umbo gani, mamake akakosea kwa makusudi, akamrekebisha, "Mstatili, Umulkheir, nimesema jana." Akaimba wimbo wa siku za wiki. Kila kitu nilichofundisha tangu Aprili kilikuwa mle ndani, kimepangwa, hakuna kilichopotea. Bwana Philip alikuwa anatabasamu na maji yanamtiririka kwenye viatu. Mimi nilitaka kuruka juu. Nilitaka kumkumbatia yule punda.

"Mungu wangu, nyinyi watoto mtaniua," ikasema sauti. Bwana Philip akacheka bila sauti, akanitazama. Nami nikacheka.

Halafu ikasema:

"Wewe Afra! Nenda huko nyuma. Kaa huko huko na mdomo wako. Sina nguvu na wewe leo. Mwalimu amechoka. Kwani mimi ni mamako?"

Kimya.

Tulingoja. Nilidhani katika mchezo angalau Afra atajibu, maana ni yeye mwenyewe anayecheza pande zote. Hakujibu. Tukasikia mto unaburutwa sakafuni kupelekwa mbali, na mwalimu akarudi akaendelea na somo.

Sikumbuki kusema "kwani mimi ni mamako". Nimekaa hapa tangu jioni najaribu kukumbuka ilikuwa siku gani, na kinachoniuma ni kwamba inaweza kuwa siku yoyote. Mtoto aliyetoka kufiwa na baba, mama amefungiwa ndani, akaletwa kwangu kila asubuhi na bibi wa magoti mabovu. Nikamwambia hivyo. Na akayachukua akayaweka pamoja na mstatili na siku za wiki, kwa sababu mwalimu kayasema, na anachosema mwalimu ndicho cha kujifunza.

Tulipofika pembeni ya kichochoro Bwana Philip akasema, "Huyu hana kasoro ya kusema. Hatakwenda bweni. Nitaandika hivyo." Kisha akauliza, "Ile sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Mimi nilifundisha darasa la kwanza kabla ya hii kazi," akasema. "Yangu ilikuwa mbaya kuliko hiyo." Tukaenda forodhani bila neno lingine, na nikamshukuru kwa hilo.

Ijumaa, 18 Julai

Nimerudi kwa Umulkheir kumpa habari. Alisujudu pale pale juu ya mkeka. Alipoinuka nikamwambia, "Ulijua nitasikia nini." Akasema alijua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema, siku zote zile nilizokuja.

"Ningekwambiaje? Wewe ndiwe mwalimu wake. Na hujakosa siku hata moya kwenda kazini."

Nilienda nyumbani nikamlilia mume wangu. Akadhani nimeibiwa.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeliondoa lile benchi la dirishani. Nimemweka Afra mbele, karibu na meza yangu. Nikamwambia, "Nilikosea kukuweka kule. Hapa ndipo pako." Hakusema kitu. Na mimi sikumwomba aseme.

Saa sita nikajisikia naanza, "Mungu wangu, nyinyi wa—" nikafunga mdomo. Rayyan akauliza, "Mwalimu, tutakuua?" Anayajua yote. Wote wanayajua.

Alhamisi, 24 Julai

Si kweli kwamba mtu akijua kosa lake anapona. Leo nimefoka tena. Mvua, uji umechelewa, wawili wametapika. Nilifoka halafu nikawaambia, "Hayo si yenu, ni ya mwalimu." Wakaniangalia. Sijui kama wameelewa.

Jumanne, 29 Julai

Maram atarudi Septemba. Nimepiga makofi peke yangu jikoni.

Alhamisi, 31 Julai

Kesho tunafunga. Watoto wamechukuliwa mapema kwa sababu ya wingu, amebaki Afra, bibi yake amechelewa. Nilivua viatu nikakaa kwenye kiti cha watoto, magoti kidevuni, kwa sababu kiti changu kilikuwa mbali hatua tatu na sikuziweza hizo tatu.

Afra akaja akasimama mbele yangu. Akanitazama miguu, akanitazama uso.

"Mwalimu, umechoka?"

Sauti yake mwenyewe, si yangu. Laini, ya Kiamu. Sikuruka, sikupiga kelele, sikumwita mtu aje asikie. Nilitaka kumwambia hapana, mwalimu hajachoka, mwalimu anawapenda, lakini huyu amenisoma muhula mzima, ningemdanganyaje?

"Nimechoka, mama. Nimechoka sana. Si kwa sababu yako."

"Basi keti. Mimi tawasomesha."

Akachukua chaki mezani. Akaenda ubaoni, hafiki hata katikati, akaandika chini kabisa pale mkono unapofika. Akaligeukia darasa tupu akaliambia lisimame, akaliambia likae. Akahesabu. Akaimba siku za wiki, na mimi nikaimba kwa sababu nilikuwa mwanafunzi pekee. Kisha akanyamaza. Alikuwa anatazama kule dirishani, mahali palipokuwa na benchi.

"Wewe Afra," akasema. "Ndoo ukae huku mbele."

Machozi yakanishuka na sikuyafuta, maana mwalimu hakuwa ameniruhusu kuinua mkono. Akangoja mpaka huyo Afra wake afike, akamwonyesha pa kukaa, hapo kando yangu, akamsogezea kiti. Akaendelea na silabi. Bi Mwanamkisi alipofika alisimama kizingitini akitweta, ameshika ukuta, akasikia, akaziba mdomo kwa ncha ya buibui. Hakumwita. Alisubiri pale mpaka tulipomaliza somo.